Gari la Pichani, Ugomvi wa Barazani

Wazee wetu walisema biashara haigombi. Sijui wangalisema nini lau wangaliketi barazani pangu hapa Malindi, Jumapili moja ya mwezi wa Agosti 2024 baada ya sala ya Alasiri, wakaona biashara inavyogomba, tena kwa sauti, hata wapita njia wakapunguza mwendo wapate kusikia. Waliogombana hawakuwa wahuni. Mmoja alikuwa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Wa pili alikuwa bwana mmoja wa Kilifi, mtu wa makamo, kanzu yake safi, maneno yake ya taratibu. Na kilichowagombanisha kilikuwa kimesimama pale chini ya mwarobaini, cheupe, kimya kabisa: Toyota Probox, gari lile ambalo siku hizi pwani nzima limekuwa punda wetu.

Nilipokuwa kijana, mtu hakununua gari tu. Alinunua gari la fulani. Ulisema, "Nimenunua gari la daktari," au, "Nimenunua gari la mwenye duka la vyuma," na mji mzima ukajua umenunua nini, kwa kuwa mji mzima ulimjua daktari anavyoendesha na mwenye duka anavyobana pesa za oili. Magari yenyewe yalikuwa machache. Mengi yaliunganishwa humu humu nchini katika viwanda vilivyoanzishwa miaka ya 1970 kule Thika, Nairobi na Mombasa, na gari jipya lilikuwa la serikali, la kampuni, ama la tajiri. Mambo yaligeuka miaka ya 1990, biashara ya nje ilipofunguliwa, na magari yaliyokwisha kutumika Japani, mengine yakipitia Dubai, yakaanza kumiminika katika bandari ya Kilindini. Hapo ndipo mwalimu wa shule, muuguzi na muuza samaki nao walipopata kuota gari. Leo soko lenyewe limehama tena. Limeingia ndani ya simu, na muuzaji si fulani tena. Ni picha nane na nambari ya kupiga.

Mpwa wangu huyu ni muuza samaki. Hununua kwa wavuvi wa Mayungu na Ngomeni, akapanga kwenye makasha ya barafu, akapeleka Watamu na Kilifi kwa mahoteli na kwa wenye nyumba. Miaka mitano amepeleka kwa tuktuk za kukodi na matatu, akigombana na makondakta juu ya harufu. Alikuwa ameweka akiba ya shilingi 350,000. Zilizobaki alizipata kwa mama yake. Dada yangu alifungua sanduku, akatoa bangili mbili za dhahabu alizopewa siku ya harusi yake, akazipeleka kwa sonara mwenyewe, peke yake, bila ya kumwambia mtu. Mimi nilizijua baadaye, na nikizikumbuka bangili zile mkononi mwake tangu yungali mwari, basi msomaji ataniwia radhi ikiwa katika kisa hiki nitaonekana kuwa na upande.

Tangazo lilikuwa zuri. Gari la mwaka 2013, lilisema, halijapata ajali, linatumiwa na mwenyewe, injini safi, nunua uondoke nalo. Bei shilingi 480,000, "kwa mnunuzi wa kweli". Picha zilipigwa asubuhi, gari limeoshwa, magurudumu yamepakwa mafuta yang'are. Mpwa wangu akapiga simu. Muuzaji akamjibu kwa adabu, akamwambia watu watatu wako njiani kutoka Mombasa, lakini yeye, kwa kuwa amemsikia ni mtu wa Malindi na ni Mwislamu mwenziwe, atamwekea akituma arubuni ya shilingi 30,000. Akatuma kwa M-Pesa jioni ile ile, gari hajaliona kwa macho.

Kesho yake akateremka Kilifi. Alifika saa tisa. Muuzaji akamwambia angoje kidogo, yuko shughulini. Akangoja hata Magharibi. Gari likaja likiwa limetembea, injini moto, taa za njiani zimewashwa. Akalizunguka kwa tochi ya simu. Fundi hakwenda naye, kwa sababu fundi angetaka elfu mbili na nauli. Wakaandika karatasi moja mbele ya kijana wa duka la kupiga chapa, na katika karatasi ile mlikuwa na mstari usemao kwamba mnunuzi ameliona gari na amelikubali kama lilivyo. Akalipa, akapewa ufunguo na kivuli cha kitabu cha gari. Akaondoka Kilifi usiku, akafika kwa mama yake saa nne, na nyumba nzima ikatoka nje kulitazama.

Siku ya tatu, alfajiri, gari likiwa baridi, giaboksi lilipiga teke kama nyumbu. Akasema ni umande. Siku ya tano akaona moshi wa samawati. Aliendelea kubeba samaki, na hili mlikumbuke maana litarudi. Siku ya kumi na mbili ndipo alipompelekea fundi mmoja wa Barani, naye akalala chini ya gari kwa dakika kumi, akatoka na habari ya kusikitisha. Chesisi upande wa nyuma ilikuwa imekatwa na kuchomelewa upya, juu yake pakapakwa rangi nyeusi ya lami. Chini ya zulia palikuwa na kutu nyekundu, kutu ya chumvi. Na mwaka 2013 ulikuwa ni mwaka gari lilipoandikishwa Kenya, lilitengenezwa 2006.

Hili la mwaka nataka nilieleze, kwa kuwa limewachoma wengi. Kanuni ya Kenya inakataza kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu kuandikishwa mara ya kwanza. Kwa hivyo gari la 2006 laweza kushuka Kilindini mwaka 2013 kwa halali kabisa na kupewa nambari ya mwaka ule. Muuzaji akiandika "2013" atakuapia kwamba hakusema uwongo, na wewe umenunua gari lenye umri wa mtu aliyekwisha baleghe. Kitabu cha gari kimeandika mwaka wa kutengenezwa, wala si kwa siri. Lakini nani husoma kitabu cha gari usiku kwa tochi ya simu?

Na chumvi! Watu wa bara hudhani gari la pwani ni gari la mapumziko. Sisi tukaao hapa twajua. Upepo wa kusi hautuachii bati wala bawaba, utaliachia gari? Gari lililolala miaka mitatu karibu na bahari pale Mambrui au Watamu, juu laweza kung'aa kama kioo na chini likawa kama kichungi cha nazi. Siku hizi imeongezeka ila nyingine, ya maji matamu. Mvua za El Nino za mwisho wa 2023 zilifurika huku pwani, na Aprili na Mei 2024 Nairobi nayo ikafurika, magari yakaonekana yamezama hata vioo. Gari lililozama halitupwi. Hukaushwa, hupuliziwa manukato, hupigwa picha. Fundi yule wa Barani aliniambia kwamba yeye huanza kwa kuvuta mkanda wa kiti mpaka mwisho, atazame kama kule ndani una alama ya tope, kwa sababu wanaoosha gari hawaukumbuki mkanda.

Lililomtia hofu zaidi mpwa wangu ni kitabu. Jina lililokuwamo halikuwa la yule bwana wa Kilifi. Lilikuwa la mama mmoja wa Mombasa, ambaye muuzaji hakumjua hata kwa sura, kwa kuwa yeye alilinunua kwa mtu mwingine aliyelinunua kwa mama yule, na katika mikono yote ile hakuna aliyejisumbua kubadilisha. Sheria ya Trafiki, sura ya 403, yasema katika kifungu cha 8 kwamba mwenye jina lililoandikishwa ndiye ahesabiwaye kuwa mwenye gari mpaka ithibitike vingine, na kifungu cha 9 kinakataza gari kutumika barabarani zaidi ya siku 14 baada ya kubadilisha mkono bila ya mwenyeji mpya kuandikishwa. Kazi hii ni ya mamlaka ya usafiri, NTSA, na siku hizi hufanywa kwa eCitizen: mwenye jina huanzisha kwa akaunti yake, mnunuzi hukubali kwa yake. Asiyemjua mwenye jina ataanza na nani? Kule kwetu husemwa mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwapo, ila lilikuwa la mtu mwingine.

Mpwa wangu alikwenda polisi. Afisa alimsikiliza vizuri, akamwambia kwamba gari amepewa, pesa ametoa, na karatasi amepiga sahihi, basi hiyo ni kesi ya madai na si ya jinai. Akaniuliza, "Mjomba, twende kwa kadhi?" Nikamwambia mahakama ya kadhi, kwa kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010, husikiza mambo ya ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu binafsi, baina ya Waislamu waliokubali kusikizwa huko. Gari halimo. Laiti lingalikuwa gari la urithi tungalijaribu.

Nikaenda kumwuliza wakili mmoja ninayesali naye. Alinieleza jambo ambalo naamini wengi wetu hatulijui. Sheria yetu ya kuuza bidhaa ni ya mwaka 1931, nayo ilishonwa kwa kipimo cha sheria ya Uingereza ya 1893. Kwa sheria ile, mwenye duka auzaye bidhaa kama kazi yake anabebeshwa dhamana kwamba kitu kitakuwa cha hali ya kufaa. Lakini mtu binafsi auzaye gari lake la nyumbani, dhamana hiyo haimgusi. Mnunuzi afumbue macho mwenyewe. Akisema uwongo wa wazi, hapo amenaswa. Akinyamaza, kunyamaza kwake peke yake si kosa. Iliyobaki kwa mnunuzi ni sifa zilizotajwa: kitu kikiuzwa kwa sifa zake ni lazima kilingane na sifa hizo, awe muuzaji ni duka au ni mtu binafsi. "Basi lile tangazo," akaniambia wakili, "ndilo silaha yenu. Mnalo?"

Hatukuwa nalo. Muuzaji alikwisha kulifuta siku aliyopokea pesa. Kwa bahati binti yangu, ambaye mpwa wangu alimtumia picha za gari kwa furaha, alikuwa amelihifadhi tangazo lote kwenye simu yake, maneno na tarehe. Mahakama zetu hukubali ushahidi wa simu, kwa masharti yake. Na wakili akatuambia iko mahakama ya madai madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 na kuanza kazi 2021, isikizayo madai yasiyozidi shilingi milioni moja na kutakiwa kuyamaliza kwa siku 60, na mtu aweza kujisemea bila wakili. Nilimshukuru, maana alijinyima kazi kwa kutuambia hivyo.

Lakini kabla hatujafika huko, ikatokea ile desturi yetu ya pwani ambayo wageni hawaiamini. Kutoka Malindi hata Mtwapa sisi ni nyumba moja yenye vyumba vingi. Nikamtaja yule bwana kwa mkwe wangu wa Mnarani, mkwe wangu akamtaja msikitini, na kabla ya Ijumaa tulikwisha kujua baba yake ni nani, na kwamba mjomba wake alisoma chuo kimoja na marehemu kaka yangu. Simu ikapigwa, si na mimi, na mjomba wake. Jumapili akaja mwenyewe, na mjomba wake kando.

Alitoa salamu, akanishika mkono kwa mikono miwili. "Shikamoo, mzee." Nikamwitikia. Kahawa ikapita. Kisha ndipo yale makelele niliyoanza nayo. Mpwa wangu alisema ameibiwa. Bwana akasema haibi mtu, gari lilionwa na likakubaliwa lilivyo, karatasi hii hapa. Mpwa wangu akasema 2013. Bwana akasema nambari ya gari ni ya 2013, tukaulize popote. Mpwa wangu akasema chesisi. Bwana akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kila gari kuukuu lina lake."

Tulikuwa tumemwalika mwalimu mmoja wa madrasa, mzee kuliko sisi sote, aliyesomesha Minhaj ya Imamu Nawawi kwa miaka zaidi ya thelathini. Aliwaacha waseme hata wakachoka. Halafu akauliza maswali matatu tu. La kwanza, "Arubuni ilitolewa gari limeonekana?" Halikuonekana. Mwalimu akaeleza kwamba katika madhehebu yetu ya Shafi kauli yenye nguvu ni kuwa kuuziana kitu kisichoonwa hakusihi, na kauli ya pili huruhusu ila mnunuzi awe na hiari ya kukataa aonapo. Na ile arubuni ya kwamba ukighairi imeliwa, madhehebu yetu haiikubali, ingawa Imamu Ahmad aliikubali. Wote tukatazamana. Watu wangapi pwani hii wametuma arubuni kwa gari la pichani, muuzaji akazima simu? Mimi peke yangu nawajua wanne. Mmoja wao alikwenda hadi Kilifi, akaonyeshwa gari lile lile la pichani limeegeshwa nje ya nyumba ya mtu ambaye hakuwa na habari kwamba linauzwa.

Swali la pili alimgeukia bwana wa Kilifi. "Baba, ile chesisi ulijua?" Yule bwana akatazama chini. Mjomba wake akamtazama yeye. Akasema, "Nilijua, mwalimu. Niliuziwa nayo hivyo hivyo."

Hapo mwalimu akakumbusha habari ambayo kila mtoto wa chuoni ameisikia: ya Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni kwa muuza nafaka, akatia mkono ndani ya chungu, vidole vikakuta unyevu, na mwenye mali akasema ni mvua, akaulizwa kwa nini basi hakuuweka ule uliorowa juu watu wauone. Na juu ya ile karatasi, mwalimu akasema, maneno ya "nimeuza kama kilivyo, sina lawama" kwa kauli yenye nguvu humwokoa muuzaji katika ila iliyofichika ndani ya mnyama, tena ambayo yeye mwenyewe hakuijua. "Na hili," akanyoosha bakora yake kwenye mwarobaini, "si mnyama." Watu wakacheka, hata mjomba wa bwana akacheka. Mimi sikucheka.

Sikucheka kwa sababu mwaka 2019 niliuza gari langu. Lilikuwa Toyota Corolla, nimelitumia miaka kumi na moja. Kijana wangu aliliweka kwenye simu, akaandika "gari la mzee, limetunzwa". Lilikuwa limetunzwa kweli. Ila giaboksi lake lilikuwa likikataa gia ya pili asubuhi mpaka lipate moto, nami nilijua, na fundi alikwisha kuniambia bei ya dawa yake. Siku mnunuzi aliyokuja, kijana mmoja mwalimu kutoka Mtwapa, nilikwenda Mambrui na kurudi kabla hajafika. Nilijiambia nakwenda kumwona mtu. Alinipigia simu mara tatu katika mwezi ule. Mara ya kwanza nilimjibu kwamba alilikubali lilivyo. Mara ya pili nilimwambia hivyo hivyo, kwa ukali. Mara ya tatu niliitazama simu ikilia mpaka ikanyamaza.

Swali la tatu la mwalimu lilikuwa kwa mpwa wangu. "Ulipoiona ila, ulifanya nini?" Mpwa wangu akasema alidhani ni umande. "Na ulipoona moshi?" Akasema aliendelea na kazi. "Siku ngapi?" Siku tisa tangu teke la kwanza mpaka kwa fundi, na hata baada ya fundi alibeba samaki siku nne. Mwalimu akatikisa kichwa. Hiari ya kurudisha kitu kwa ila, akasema, ni ya papo kwa papo. Aijuaye ila kisha akaendelea kutumia, ameridhika nayo. Kurudisha gari hakuna tena. Iliyobaki ni sulhu.

Mpwa wangu aliinuka akataka kuondoka. Nilimshika kanzu. Haki ya mtu ikimponyoka kwa uzembe wake mwenyewe humuuma zaidi, na yule kijana alikuwa akifikiri bangili za mama yake, kama nilivyokuwa nikizifikiri mimi.

Sulhu ikakaliwa hata karibu na Magharibi. Fundi alikadiria chesisi na giaboksi shilingi 95,000. Bwana wa Kilifi alianza na 20,000, mjomba wake akamnong'oneza, akafika 40,000. Tukamaliza kwa 60,000, nusu siku ile na nusu mwisho wa mwezi, na yeye mwenyewe amtafute mama wa Mombasa. Hili la mwisho ndilo lililokuwa gumu, likawa ndilo jepesi. Mama yule alipopatikana alishukuru Mungu. Aliuza gari miaka minne nyuma, akadhani yamekwisha, kumbe muda wote ule, lau gari lingalimgonga mtu, mahakama ingaliita jina lake. Siku hiyo hiyo mwanawe alimfungulia akaunti na kuanzisha kazi ya kubadilisha. Muuzaji akumbuke na hili, maana wengi hudhani kitabu ni shida ya mnunuzi tu.

Mwalimu aliniambia tulipokuwa tukienda msikitini kwamba tumebahatika, kwa sababu mtu mwenyewe alikuwa na mjomba. Angalikuwa mtu wa Eldoret au wa Kitengela tungalimtafutia msikiti gani? Nimelifikiri sana neno lile. Simu imelitanua soko hata limepita upeo wa baraza, na kule liliko hakuna wa kumtazama muuzaji usoni. Kule lazima karatasi ifanye kazi iliyokuwa ikifanywa na haya. Na sisi watu wa pwani karatasi hatuipendi. Twaona kumwandikisha mtu ni kumdhania ubaya, ilhali aya ndefu kupita zote katika Kurani Tukufu, katika Suratul Bakara, ni ile ya kutuamrisha kuandika deni na kuweka mashahidi.

Tangu siku ile vijana wa mtaani huja kuniuliza, kana kwamba nimekuwa dalali. Nawaambia niliyoyaona. Arubuni isitangulie macho. Nendeni asubuhi, tena bila ya kutoa taarifa ya saa, boneti likiwa baridi ukilishika, na fundi wenu awe nanyi hata kama atataka elfu mbili na nauli. Kwa ada ndogo NTSA itakupa kumbukumbu za gari, jina la mwenyewe na mwaka wa kutengenezwa. Kalinganishe na nambari iliyochongwa kwenye chesisi, na anayeuza akuonyeshe kitambulisho chenye jina hilo hilo. Kisha mtazame kama limewekwa rehani, maana tangu sheria ya 2017 ya dhamana za mali zinazohamishika kuna daftari la kutafutia, na aliyekopesha pesa kwa gari aweza kuja kulichukua mlangoni pako, na wewe huna deni naye. Pesa zilipwe siku ile ile jina linapobadilishwa, mahali penye watu. Hifadhini tangazo. Wananisikiliza, kisha mmoja akatoa simu kunionyesha Noah moja nzuri sana iliyoko Mtwapa, mwenyewe anataka arubuni tu.

Mpwa wangu bado analo lile Probox. Linabeba samaki, na Insha Allah mwakani litarudisha fedha yake, ingawa bangili sonara alikwisha kuziyeyusha wiki ile ile, na dada yangu akisikia zikitajwa hubadilisha mazungumzo.

Usiku wa Jumapili ile, watu walipokwisha kuondoka, nilimwomba binti yangu aitafute katika simu yangu nambari ya mwalimu wa Mtwapa. Ilikuwa imehifadhiwa kwa jina la "Mnunuzi Corolla". Nilipiga nikitumai haitapita. Ikapita. Nilijitaja, nikamkumbusha gari, naye akakaa kimya kitambo.

"Giaboksi, mzee?" akasema. "Nilibadilisha zamani, hata miezi miwili haikuisha. Elfu arobaini na tano."

Nilimwambia ningalipenda kumrudishia. Akaniuliza kama naumwa. Nilimwambia siumwi. Nimekwisha kumtumia mara mbili, elfu kumi na tano kila mara. Iliyobaki nimemwahidi mwisho wa mwezi.